Gunia Lisilochomwa Bambo

Miezi kumi na moja hakuna kilichoharibika, na Goodness Silwimba alikuwa hapati raha.

Tangu asubuhi ya Alhamisi hiyo alikuwa ameshafungua simu mara kumi na tisa kutazama ukurasa wa wateja wake, na mara zote kumi na tisa ukurasa ulimjibu kwa rangi ya kijani. Ofisi sita, mistari sita, kijani kibichi kama mahindi ya Februari. Emaili zinakwenda. Virusi hakuna. Nakala za mafaili zimepanda kwenye wingu, lile ghala la mtandaoni, jana alasiri, kazi imekamilika. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaagiza chipsi. Yeye alisimama, akakaa, akafuta meza aliyokwisha kuifuta, akasogea dirishani kuangalia foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, akarudi, akafungua simu mara ya ishirini.

Kijani.

“Hata printa tu,” aliiambia simu. “Hata printa moja ikwame karatasi, jamani.”

Kilichomkosesha utulivu kilikuwa ujumbe wa maneno machache ulioingia juzi yake kutoka kwa Mzee Osea Mbonile: *Binti, mwaka mzima sijakuona na bisibisi. Mkataba unaisha. Njoo Ijumaa saa nne unieleze nalipia nini. Saa nne ya kwetu, si ya Zambia.* Hilo la mwisho halikuwa utani. Ofisi ya mzee ilikuwa karibu na mpaka kiasi kwamba simu za watu hurudi nyuma saa nzima zikiwa mfukoni, na wapo waliokwisha kuitumia sababu hiyo kuchelewa hadi ikachakaa.

Ofisi yenyewe iliitwa Mbonile na Wenzake, Washauri wa Kodi na Biashara ya Mpakani. Wenzake hao hakuna aliyewahi kuwaona. Alikuwepo mzee mwenyewe, aliyestaafu forodha baada ya miaka thelathini ya kugonga mihuri. Alikuwepo Elina, katibu wake. Na walikuwepo maofisa wawili wa kuandika ripoti. Lakini kwa Goodness ofisi hiyo ilikuwa nguzo ya nyumba. Katika yale malipo ya kila mwezi yaliyomlipia chumba, intaneti na ada za watoto, karibu nusu yalitoka pale. Mzee akikataa kusaini, Goodness alikuwa anarudi alikotoka.

Na alikotoka alikukumbuka vizuri sana. Miaka saba alikuwa fundi wa kuitwa, begi la bisibisi mgongoni, anatembea kutoka duka hadi duka akiuliza kama kuna kilichokufa. Kikifa, anakula. Kisipokufa, anakunywa maji analala. Mwaka mmoja radi ilipiga kule Vwawa ikachoma kompyuta za ofisi nne kwa mkupuo, na Goodness, aliposikia habari, alipiga kigelegele. Kigelegele, mtoto wa mwinjilisti! Akapanda gari la kwanza. Alipofika alimkuta mwenye ofisi, mshauri wa vyama vya wakulima wa kahawa, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia kama mtoto kwa takwimu za misimu mitatu. Kile kigelegele kilimkwama Goodness kooni, na mpaka leo hakijashuka chote.

Ndiyo maana aligeuza biashara. Akawafuata washauri, maana mshauri hana ghala wala lori. Mali yake yote ni maneno yaliyopangwa vizuri kwenye kompyuta, na yakipotea anabaki yeye na tai yake. Akawaambia: nilipeni kila mwezi ili visiharibike, msinisubiri viharibike ndipo mnilipe. Emaili zenu, ulinzi wenu, nakala za mafaili yenu, vyote juu yangu. Wakakubali. Naye akafanya kazi vizuri mno, hadi wakasahau kwamba yupo.

“Mama Wingu!”

Huyo alikuwa Lucky, fundi mwenzake wa zamani, kaegemea mlango na mikono yake myeusi kwa wino wa printa ya mtu. Lucky hakuwahi kuacha kazi ya kuitwa. Wiki hiyo umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa hasira, adapta zilikuwa zikiungua mji mzima, na yeye alikuwa amenenepa uso.

“Nasikia kesho unakwenda kwa Mbonile kueleza unalinda nini.”

“Nani kakwambia?”

“Mwenyewe. Kaniuliza nikija namtoza kiasi gani. Nikamwambia, mzee, mimi ukiniita nakuja, usiponiita sina neno na wewe. Kacheka sana.” Lucky akaketi bila kukaribishwa. “Gudi, nikupe dawa ya bure? Una funguo za emaili yao. Leo jioni zizime. Kesho asubuhi wanahangaika, wanapiga simu, unaingia na begi, unatoa jasho kidogo pale mbele ya mzee, saa tano emaili zimerudi. Anasaini mkataba akiwa amesimama.”

“Ondoka, Lucky.”

“Mdomo wako unasema niondoke, macho yako yamebaki kwenye kompyuta.”

Alimtupia kitambaa cha kufutia meza. Lucky akaondoka akicheka. Lakini kweli, macho yalikuwa yamebaki kwenye kompyuta. Ni kubonyeza mara mbili tu. Nani angejua? Goodness alichukua pochi, akafunga ofisi saa sita mchana kama mtu anayeukimbia moto, akateremka sokoni kwa mama yake.

Mama Loisi alikuwa na kibanda cha nafaka tangu Goodness hajazaliwa. Alimkuta amesimama mbele ya magunia kumi na mawili ya mchele yaliyotoka Msangano, anabishana na aliyeyaleta, bwana mmoja mwenye kofia ya majani na haraka nyingi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbona uso huo? Umeiba?” Mama hakungoja jibu. Akachomoa kutoka kwenye khanga bambo lake, kile chuma cha mfereji chenye ncha ambacho wafanyabiashara wa nafaka huchomea magunia, akalizamisha ubavuni mwa gunia la kwanza, akalichomoa, akaumwaga mchele kiganjani. Akautazama. Akahamia la pili.

“Mama, yote yanafanana,” alisema yule bwana. “Gunia limejaa, si unaliona lenyewe?”

“Nimeliona limejaa. Nataka kujua limejaa nini.”

Gunia la saba, katikati, bambo lilitoka na pumba. Yule bwana akaanza kumsema mtu fulani wa Msangano ambaye hakuwepo kujitetea. Mama Loisi hakugombana; alilisogeza gunia pembeni kwa goti, akaendelea na la nane.

Goodness alikuwa hasikii tena. Alikuwa ameshika simu, anaangalia ile mistari sita ya kijani. Miezi kumi na moja alikuwa ameyaona magunia yamejaa. Hakuwahi kuchoma hata moja.

“Hukai ule?” mama aliuliza.

“Nitarudi, mama.”

“Ameiba kweli,” Mama Loisi alimwambia yule bwana wa mchele.

Ofisini alifungua wingu la Mbonile na Wenzake. Wazo lake lilikuwa dogo: achague faili moja la wiki iliyopita, alirudishe, ahakikishe linafunguka, kesho afanye hivyohivyo mbele ya mzee, aone kinacholipiwa. Akabonyeza kabati la Wateja, ile folda kubwa yenye kazi za miaka kumi na moja.

Halikuwa na kitu.

Alitoka, akaingia tena. Alizima kompyuta, akaiwasha. Akasoma kumbukumbu za kazi siku baada ya siku, na kila siku mashine ilikuwa imeandika ukweli mtupu: *kazi imekamilika, hakuna kosa*. Ilikwenda kila alasiri, ikakuta kabati halina kitu, ikanakili hicho kisichokuwepo kwa uaminifu mkubwa, ikawasha kijani. Kilichofutwa ofisini, na kule juu hufutwa. Hukaa kwenye kapu la taka siku thelathini, halafu basi. Akahesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda. Kabati lilimalizika siku thelathini na tano zilizopita. Angechoma bambo wiki moja mapema, angeyaokota yote kwenye kapu.

Alimpigia Elina, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

“Dada Elina, mafaili ya wateja mnayaweka wapi siku hizi?”

“Kwenye flashi ya mzee.”

“Flashi gani?”

“Ile anayotembea nayo. Kuna mteja wetu wa Nakonde, Bwana Sinkala, alikuja akamwambia kwa heshima ya kwao, ‘Mukwai, makaratasi yangu yasikae hewani.’ Mzee hakulala. Kesho yake akaleta flashi, akaniambia hamisha kila kitu. Asubuhi ananipa, jioni anaichukua, inakwenda naye nyumbani.”

“Ukahamisha. Hukunakili.”

“Alisema hamisha, dada. Nikahamisha.” Akashusha sauti. “Kwani kuna tatizo?”

“Kesho nakuja,” alisema Goodness.

Kumbe ndivyo. Hakuna aliyemjua Mzee Mbonile ambaye angeshangaa. Miaka thelathini forodhani hakuwahi kuuacha muhuri wake kwenye droo ya serikali. Jioni anaufunga kwenye leso, anautia mfukoni, analala nao. Waliokuwa wakiiacha mihuri ofisini, alisema, waliamka asubuhi wakakuta wamesaini mizigo wasiyoijua. Kilichokuwa na thamani kinakwenda nyumbani na mwenyewe. Sasa alikuwa anakwenda nyumbani na ofisi nzima, imening'inia kwenye uzi wa kiatu, mfukoni mwa shati.

Jioni hiyo Goodness aliizunguka ile meza yake hadi akajijengea njia. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko hata dawa ya Lucky. Kesho aende, aonyeshe kijani, mzee asaini, na Jumatatu aje kimyakimya kurekebisha. Hangekuwa ameharibu kitu. Mwenye kosa ni mzee, au Elina, au Bwana Sinkala na hewa yake. Lakini kila alipofika hapo alimwona yule mtu wa Vwawa juu ya ndoo, na ubaya ni kwamba safari hii mtu huyo alikuwa na shati la Mzee Mbonile, na mfuko wake ulikuwa na tundu.

Ijumaa, saa nne ya kwetu, alikuwa ameketi mbele ya mzee. Elina alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, anapanga karatasi zilizokwisha pangwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti. Leo pia huna bisibisi.” Mzee Mbonile alikuwa mkavu, nadhifu, na miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Mkataba ulikuwa mbele yake, kalamu juu yake, imelala. “Haya. Niambie. Lucky nikimwita anakuja, anafungua, anatoa kitu kimeungua ananionyesha. Nakiona. Wewe unanionyesha nini?”

Goodness alikuwa amejiandalia maneno ya kuanzia mbali, salamu, historia, umuhimu wa ulinzi. Yote yalimkimbia.

“Nakuonyesha kwamba wiki tano hizi nimekulindia kabati tupu, mzee.”

Elina aliacha kupanga.

“Sema tena.”

“Mafaili yalihama kwenda kwenye flashi. Mashine yangu ikawa inanakili kabati lisilo na kitu na kuniambia mambo safi, nami nikaiamini. Sikufungua kuangalia. Nimegundua jana, kwa bahati, nilipotoka sokoni. Kule juu sasa hakuna hata karatasi yako moja. Zilizofutwa zilikaa siku thelathini, zikaisha. Kazi zako zote ziko hapo.” Akaelekeza kidole kwenye mfuko wa shati.

Mzee alishika mfuko ule kama aliyeguswa na mwizi. Alitazama mkataba, akamtazama Goodness, akautazama tena mkataba.

“Wiki tano nakulipa unalinda hewa?”

“Ndiyo. Na hizo wiki tano sikudai, nimeshaziondoa kwenye hesabu.”

“Na ungenyamaza ningesaini.”

“Ungesaini.”

“Basi wewe ni mjinga au nini?”

“Mzee, na wewe wiki tano unatembea barabarani kati ya malori na kazi za miaka kumi na moja kwenye uzi wa kiatu,” Goodness alisema, na sauti ikampanda kuliko alivyopenda. “Tumekutana.”

Elina alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mzee akageuka. “Nawe unacheka nini? Si wewe uliyehamisha?”

“Nilitumwa, mzee.”

Nje honi ya lori ililia mara tatu. “Kwanza tuyaokoe,” Goodness alisema. “Ugomvi tutaumaliza baadaye, mafaili yakiwa mahali pawili. Nipe.”

Mzee aliitoa flashi taratibu. Ilikuwa na ganda la karanga limegandamana kwenye mdomo wake wa chuma. Goodness alilibandua kwa kucha, akapuliza, akaichomeka kwenye kompyuta ya Elina, akaamuru kunakili. Mstari ukaanza kutambaa. Watatu hao walisogeza viti, wakaketi kuutazama kama watu wanaosubiri majibu hospitali. Asilimia ishirini. Thelathini na nane. Maofisa wawili walichungulia, wakaona sura zilizomo, wakarudi kwao.

Kwenye sitini na moja mstari ulisimama.

Dakika moja. Dakika tatu. Goodness aligusa flashi. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha uji. Hakuthubutu kuichomoa. Mzee Mbonile alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.

“Imekufa?”

“Sijui.”

“We si fundi?”

“Ndiyo maana nasema sijui. Asiye fundi angekwambia usiwe na wasiwasi.”

Elina alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Alikuwa anasali, na bila shaka alikuwa anajitetea. Dakika ya sita kompyuta ililia mlio mfupi, ikaandika kwamba faili moja halisomeki, iliruke? Goodness aliiambia iruke. Mstari ukajikokota hadi sabini, ukagoma tena, likarukwa la pili, kisha ukashika mbio na kufika mwisho ghafla, kama mtu aliyekuwa anajifanya mgonjwa.

“Mawili yamepotea,” Goodness alisema. Akasoma majina. “Yote ya Bwana Sinkala.”

Mzee aliinama akayasoma mwenyewe. “Yule aliyesema yasikae hewani,” alisema mwishowe.

“Atakuwa na nakala za karatasi?”

“Atakuwa nazo. Nitavuka mwenyewe nikamwombe.” Alisema kwa uchungu wa mtu ambaye katika maisha yake yote wengine ndio waliovuka kuja kumwomba yeye.

Mafaili yalipopanda na kule juu, Goodness hakufunga kompyuta. “Dada Elina, chagua faili lolote. Usiniambie kwa nini.”

Elina alichagua ripoti moja ya Juni. Goodness akaifuta. Mzee aliruka kwenye kiti. “We binti!”

“Ngoja.”

Alifungua wingu, akaivuta, ikashuka, akaifungua mbele ya miwani ya mzee. Ukurasa wa kwanza, wa pili, sahihi yake mwishoni.

“Mama yangu ananunua nafaka,” Goodness alisema. “Hajawahi kulipia gunia kwa sababu limejaa. Hiki nilichofanya sasa nilipaswa kukifanya hapa kila mwezi, mbele yenu. Sikukifanya. Nilikaa ofisini naangalia kijani, nikisubiri mniheshimu.”

Mzee Mbonile aliuvuta mkataba. Penye mwaka mmoja akakata kwa mstari wa rula, akaandika *miezi sita*. Chini akaongeza, kwa mwandiko wake wa forodha ulionyooka kama reli: *Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mwenye huduma atafika ofisini. Ofisi itachagua faili. Litafutwa na litarudishwa mbele ya macho. Lisiporudi, mwezi huo haulipwi.*

“Utaweza?”

“Naomba niongeze langu,” alisema Goodness, akachukua kalamu: *Flashi ya mzee haitakuwa na kitu ambacho hakipo kwingine.*

Mzee alilisoma mara mbili. Akataka kubisha, akamwona Elina anamtazama, akasaini. Kisha akatia mkono mfuko wa suruali, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaifungua, akatoa muhuri, akaugonga juu ya sahihi zote mbili kwa nguvu iliyofanya kikombe kitikisike. Akaufunga tena kwenye leso, akaurudisha mfukoni.

“Huu hauendi hewani,” alisema.

“Huo sina neno nao, mzee.”

Nje jua lilikuwa kali na vumbi la malori limesimama hewani. Lucky alikuwa ng'ambo ya barabara, amekaa juu ya pikipiki isiyo yake.

“Amesaini?”

“Nusu mwaka.”

“Uliwazimia nini?”

“Nilijizima mwenyewe.”

Lucky alifikiri, akashindwa kuelewa, akaamua kucheka. Goodness hakubaki kucheka naye. Miezi sita ilikuwa mkononi, sahihi mbichi, lakini kwenye simu kulikuwa na mistari mingine mitano, yote kijani, yote imenyamaza vizuri. Akampungia mkono bodaboda, akapatana naye hadi stendi, akapanda gari la Vwawa, na njia nzima hakufungua simu hata mara moja. Hakuwa akiiamini tena.

Mshauri wa wakulima wa kahawa, yuleyule wa ndoo na sasa mmoja wa wale wateja watano, alimwona anaingia akihema akasimama ghafla, mkono kifuani.

“Dada Goodness! Mbona umekuja bila kuitwa? Kuna kilichoharibika?”

“Bado sijui,” alisema Goodness, akivuta kiti. “Chagua faili.”